Dawa Iliyolala Chini

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mstari. Ulikuwa kwenye chupa ya dawa, juu ya kabati la vyombo. Chini ya mstari kulikuwa na kitu cheupe, kizito kama uji uliopoa. Juu yake kulikuwa na maji ya rangi ya waridi.

Dawa ilikuwa ya Bonge, mtoto wa dada yangu. Ana miaka miwili. Tulimwita Bonge kwa sababu ya mashavu yake, lakini wiki ile mashavu yalikuwa yameanza kuisha. Alikuwa na homa na kikohozi. Zahanati walisema ni nimonia. Wakatoa dawa ya siku tano, kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Nyumbani kwetu tunaishi kwa juisi. Mama huuza karibu na kituo cha basi. Tukishaponda matunda, yeye huiacha ndoo itulie, na ole wako uiguse. Machicha yakizama, huchota juisi ya juu taratibu kwa kikombe.

"Mteja anataka kuona kidole chake upande wa pili wa glasi," husema. "Akiona machicha tu, nimempoteza."

Basi dawa ya Bonge nayo ikalelewa kama juisi. Siku ya kwanza Dada alimpakata mtoto, Mama akamimina.

"Mama, mbona chini kuna kitu kama unga?" Dada aliuliza.

"Machicha hayo. Mtoto ana kifua, umnyweshe machicha? Mpe hii safi."

Mimi nilikuwa mlangoni namenya matunda. Nikainamisha kichwa. Mimi si mtu wa kusema. Nyumbani wananiita Bubu, kwa utani tu, na jina limenikaa.

Kila asubuhi Mama aliishusha chupa kama anashusha yai. Kila jioni vivyo hivyo. Maji ya juu yalipungua. Ule weupe wa chini haukupungua. Siku ya tatu Bonge alikataa hata juisi.

Siku ya nne asubuhi alikuwa anahema haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Kwenye chupa hapakuwa na maji tena.

"Dawa gani hii?" Mama alisema. "Siku tatu nzima, hakuna kitu!"

Dada alikuwa analia. "Labda nguvu yote iko huku chini. Nampa yote sasa hivi, ifidie siku zilizopita."

Akaweka maji kidogo kwenye chupa, akakoroga kwa mpini wa kijiko, akamimina kwenye kikombe. Ilitoka nzito, nyeupe. Akamwinua Bonge kichwa.

Sijui miguu yangu iliamkaje. Nilijikuta nimekishika kile kikombe.

"Bubu, achia!"

Nikatikisa kichwa.

"Achia nasema! Huoni mtoto anaisha?"

Mdomo wangu ulifunguka, sauti haikutoka. Nikamnyang'anya. Nikakimbia, kikombe mkono huu, chupa mkono huu, hadi nyumba ya tatu kwa Nesi, jirani yetu anayefanya kazi zahanati. Nyuma yangu Mama alikuwa anapiga kelele, "Huyu amechanganyikiwa! Mkamateni!"

Nesi alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Akaangalia kikombe. Akaangalia chupa.

"Amekunywa hii?"

Nikatikisa kichwa.

"Afadhali. Twende."

Tulipofika nyumbani alimfunua Bonge kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Hamsini na nane," alisema. "Ni nyingi mno. Mama Bonge, mbebe. Tunakwenda zahanati sasa hivi."

Zahanati walimpokea Bonge na Dada, mlango ukafungwa. Mimi na Mama tukabaki kwenye benchi. Tulimsikia Bonge akilia, kisha hatukumsikia. Kule kukaa kimya kulikuwa kubaya kuliko kilio.

"Dawa yenu ni mbovu," Mama alimwambia Nesi alipotoka.

Nesi alikwenda jikoni pa zahanati, akarudi na glasi mbili za maji. Moja akatia sukari, nyingine akatia unga wa uji. Akakoroga zote.

"Mama, sukari iko wapi?"

"Mwanangu, mjukuu wangu yuko mle ndani, unaniuliza habari za sukari?"

"Ni kwa ajili yake. Iko wapi?"

"Si imeyeyuka."

"Onja ya juu kwa kijiko. Sasa mimina nusu, uonje ya chini."

Mama akaonja. "Tamu. Utamu ni uleule."

"Huo ni myeyusho. Sukari imeyeyuka na kuenea kila mahali sawasawa. Uache mpaka kesho, haitashuka chini. Sasa tazama hii nyingine."

Unga ulikuwa umeanza kuzama. Mstari ulikuwa unajichora kwenye glasi. Niliujua mstari ule.

"Huu nao ni mchanganyiko, lakini si myeyusho," Nesi alisema. "Unga haujayeyuka. Unaelea kidogo, kisha unalala chini. Mwenye njaa ukimpa maji haya ya juu, atashiba?"

"Atashibaje? Unga wote uko..." Mama aliishia hapo. Akaweka mkono mdomoni.

"Ndiyo, Mama. Kwenye juisi yako unachouza kiko juu. Kwenye chupa ile, dawa ndiyo iliyokuwa chini."

"Nimempa mtoto maji siku tatu."

"Na leo nusura anywe dawa ya siku tano kwa mara moja. Hiyo nayo ni hatari."

"Lakini ile ya kikohozi mwaka jana haikuwa na machicha!"

"Ile ilikuwa imeyeyuka. Ndiyo maana usikisie. Kila chupa ina maelezo yake. Usipoweza kusoma, muulize anayekupa. Asipoeleza, muulize tena."

Mama akanung'unika, "Mimi na herufi hatusalimiani."

Mlango ulifunguka adhuhuri. Bonge alikuwa amechomwa sindano. Pumzi zilikuwa zimepungua. Alilazwa siku tatu, akatoka na chupa mpya.

Sasa Mama huitikisa mpaka bangili zake zinalia. Huigeuza, hutazama kitako chake, huhakikisha hakuna weupe uliolala, ndipo hupima kijiko. Juisi bado anaiacha itulie. Jana Bonge alikula, akaomba tena. Dada alicheka, kisha akanigeukia.

"Bubu, siku ile nani alikuambia ushike kikombe?"

"Malaika," Mama akadakia. "Huyu angejuaje?"

Niliacha shule darasa la nne. Nyumbani walidhani herufi zote zilibaki kule. Nikaichukua chupa. Nikaweka kidole chini ya maneno, kama mwalimu alivyotufundisha.

"Ti-ki-sa," nilisoma. "Tikisa kabla ya kutumia. Ile ya kwanza pia iliandikwa hivi. Niliisoma siku ileile ya kwanza, Mama. Niliona haya kusema."