Aliyebaki Ndani ya Fleti ya Gidion

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua la Haydom lilikuwa bado halijawa kali, na Rogathe alikuwa akitundika vitenge mbele ya duka lake. Mumewe, Clement, alikaa kwenye benchi akipiga mluzi na kufungua redio ambayo haikuwa na ubovu wowote. Ndipo gari la dalali likapita na kipaza sauti juu yake: fleti ya ghorofa ya juu kabisa, jengo lililo karibu na hospitali, mali ya marehemu Gidion, inapigwa mnada Jumamosi kwa sababu ya rehani.

Rogathe hata asingegeuka. Lakini ng'ambo ya barabara Helena alitoka dukani kwake, akashika kiuno, akasikiliza tangazo mpaka mwisho.

"Hiyo nitaenda kuiangalia," Helena akasema.

Basi hapo hapo Rogathe akaitaka kufa na kupona.

Wawili hawa walitoka Nambis na walikalia dawati moja. Helena ndiye aliyeanza kuvaa viatu. Helena ndiye aliyeanza kuolewa, akampata Patriki, mwanamume mpole asiye na kelele. Rogathe alipofungua duka la vitenge, Helena alifungua lake ng'ambo, tena la milango ya vioo. Katika miaka yote hiyo Helena hakumtendea Rogathe baya hata moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu hukosa hata kisingizio cha kumchukia mwenzake.

"Mama Sara, si tuna nyumba?" Clement alimwuliza mkewe jioni.

"Tuna kibanda," Rogathe akamjibu.

Clement akacheka, akarudi kwenye mluzi wake.

Rogathe hakuwa mjinga. Alimwendea wakili Sebastiani, na Sebastiani akamwambia mapema kwamba anayenunua mnadani huchukua nyumba pamoja na matatizo yake. Wakafanya upekuzi ofisi ya ardhi Mbulu: hati ilikuwa halali, kwa jina la Gidion. Wakauliza mahakamani: hapakuwa na kesi wala zuio. Wakatazama rehani: mke wa Gidion, Agatha, alikuwa ameridhia kwa sahihi yake mwenyewe. Notisi ilitolewa. Maji na umeme havikuwa na deni la kutisha.

"Limebaki moja," Sebastiani akasema. "Nenda mwenyewe ukaingie ndani. Uone nani anakaa humo. Dalali anauza nyumba, hamtoi mtu. Hiyo kazi ya kumtoa itakuwa yako."

Rogathe akaenda siku hiyo hiyo, mchana. Kwenye ngazi akakutana na Helena anashuka. Uso wa Helena ulikuwa umekauka.

"Rogathe, usipande," alinong'ona. "Agatha bado yuko kwenye msiba. Wazee hawajamtoa. Mimi nimeishia mlangoni."

Kwao, mfiwa wa namna hiyo hutengwa. Hula kwenye sahani yake peke yake, haingii kwa mtu, na kitu chake hakipokelewi mkono kwa mkono mpaka wazee wamalize taratibu zao. Rogathe alilijua hilo tangu utotoni, na hata kanisani hakuna aliyelichezea. Lakini alipomtazama Helena, hakuona onyo. Aliona ujanja. Ananitisha, akawaza, ili Jumamosi abaki peke yake pale mbele ya dalali.

"Asante dada," akasema, akapanda.

Mlango ulikuwa wazi. Tawi bichi lilikuwa limelazwa kizingitini. Agatha alikaa sakafuni, kichwa kimenyolewa, mgongo ameuelekeza mlangoni.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Usivuke hilo tawi, mwanangu."

Rogathe akavuka. Akatazama sebule, jiko, bafu, akagonga kuta kwa vidole kama alivyoelekezwa. Fleti ilikuwa nzuri kweli. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo.

"Nani mwingine anakaa humu?"

"Mimi tu."

Mtu akakohoa nyuma ya mlango ule. Mara mbili, kikohozi kikavu, kile cha wanaume wanaotaka watu wajue kwamba wamefika. Kisha kiti kikasogezwa.

Rogathe akahisi hasira, wala si woga. Kumbe kuna mpangaji amefichwa! Angenunua kesi.

"Nipe ufunguo."

"Subiri wazee," Agatha akanong'ona. "Wakinitoa nitauweka chini, utauokota."

"Mnada ni Jumamosi, mama."

Agatha akageuka kwa mara ya kwanza. Alimtazama Rogathe kuanzia mkono mpaka bega.

"Mumeo yuko hai?"

"Yuko."

"Basi usininyooshee mkono."

Rogathe akaunyoosha. Agatha hakutoa kitu. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake, na Rogathe aliuchomoa mwenyewe, kidole kwa kidole, huku yule mama akilia bila sauti.

Chumbani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, kimeelekezwa dirishani. Chini ya dirisha ilionekana barabara yote, na katikati yake duka la Helena lenye milango ya vioo. Rogathe akatabasamu. Akaketi ili aone vizuri.

Kiti kilikuwa na joto la mtu.

Jumamosi Helena alikuja mnadani lakini hakufungua kinywa. Nyundo ilipogonga, Rogathe aligeuka haraka ili aufaidi uso wa mwenzake. Alikuwa ameungoja uso huo maisha yake yote. Akakuta huruma. Ikamtia uchungu kuliko kama angeshindwa.

Agatha alichukuliwa na kaka zake kwenda Masakta. Wazee walimtoa msibani huko huko. Fleti haikufanyiwa taratibu na mzee yeyote.

Walipohamia, Clement ndiye aliyeanza kubadilika. Mluzi ulikoma. Akaacha redio. Akawa anakaa chumba cha nyuma, kwenye kile kiti, mchana kutwa, na kabla ya kuingia alikuwa anakohoa. Mara mbili. Kikavu. Clement hakuwahi kuugua kifua tangu azaliwe.

Siku moja Rogathe alimpelekea chai. Hakugeuka.

"Agatha," akasema, "funga dirisha. Baridi."

Kikombe kikamtoka Rogathe. Na ajabu ya moyo wa binadamu, kilichomjia kwanza ni wivu! Alimwuliza amemjulia wapi huyo mjane. Alimfokea. Alimtaja mama wa watu kwa majina mabaya. Clement alimwangalia tu kwa upole, macho ya mtu anayemsikiliza mgeni.

Helena alipopata habari alikuja dukani.

"Nenda Masakta," akamwambia. "Mwombe Agatha msamaha, wazee waje waitoe msibani ile nyumba. Nitakusindikiza. Hata leo."

Rogathe alitaka kukubali. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akawaza: nikihama, nani ataingia?

"Nyumba yangu haina shida," akajibu.

Alasiri ya siku iliyofuata alisikia kikohozi chumba cha nyuma. Akaita. Akaita tena. Kiti kikasogea. Akafungua mlango.

Clement alikuwa kitini. Macho wazi. Ameelekea dirishani. Amepoa kabisa, kama aliyekufa tangu asubuhi.

Walimzika Nambis. Rogathe akanyolewa, akarudishwa kwenye fleti kukaa msiba wake. Hakuna aliyempa mkono. Tawi bichi likalazwa kizingitini.

Mtu pekee aliyepanda ngazi zile alikuwa Helena. Alisimama nje ya tawi, akaweka chini bakuli la makande ambalo asingelichukua tena, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Patriki amenikataza kuja," akasema. "Nimekuja tu. Wewe ni dada yangu."

Kutoka chumba cha nyuma mtu akakohoa. Kisha akakohoa mwingine. Huyu wa pili Rogathe alimjua.

Helena akarudi hatua. "Nani mwingine yuko humo?"

"Mimi tu," Rogathe akanong'ona.

Alimtazama Helena. Pete kidoleni. Mikono minene, yenye afya. Mwanamke anayerudi nyumbani kwa mumewe. Kitu kilimpanda Rogathe kifuani, kile kile cha tangu Nambis, wala hakukizuia. Akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa humo.

"Helena. Chukua. Nimechoka. Iwe yako."

"Hapana, Rogathe."

"Ulikuwa unaitaka."

"Nilitaka kuiangalia tu! Niliposikia unaifuatilia niliogopa utaingia bila kuuliza, ndiyo maana nilitangulia."

Helena akashuka mbio. Hakugusa kitu, Rogathe aliona kwa macho yake. Lakini aliporudisha mkono, kiganja kilikuwa kitupu. Aliutafuta ufunguo sakafuni, kwenye nguo, hata ndani ya makande. Hakuuona.

Akaingia chumba cha nyuma. Mlango ulikuwa wazi bila ufunguo. Akaketi kitini, kwenye joto lile, akatazama chini.

Helena alikuwa amefika dukani, anahema. Patriki naye alikuwa anakuja barabarani, taratibu kama kawaida yake. Kwenye mlango wa kioo akasimama. Akaweka ngumi kifuani. Akakohoa mara mbili.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaugeuzageuza kama mtu asiyejua umetoka wapi, akainua macho moja kwa moja kwenye dirisha la Rogathe.

Rogathe akapiga kelele kumwita Helena. Alipiga kwa nguvu zake zote, kwa mara ya kwanza bila wivu. Lakini dirisha lilikuwa limefungwa, na yeye hakulifunga.