Mayai ya Bi Paskalia na Saa ya Uongo

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare, Raya alikuwa na kazi moja isiyotaka mchezo. Aliingia chumba cha uani, nyumbani kwao Kihonda, akasoma joto la mashine ya kutotolesha vifaranga, akatazama trei zimegeukaje, kisha akaandika kwenye daftari. Mashine ile ndiyo iliyowalisha. Watu walileta mayai kutoka mjini na milimani, na mama yake, Mwanaidi, akishasoma daftari la mwanawe aliridhika.

Mashine iliongozwa na kompyuta ndogo kuukuu iliyofungwa na Fundi Halidi. Kila baada ya saa mbili ilizigeuza trei, maana yai lisipogeuzwa, kifaranga anayekua ndani hugandia kwenye ganda akafa. Juu yake fundi alibandika karatasi: "Usiweke kitu kipya bila kuniuliza."

Raya aliweka. Jumamosi mchana Kelvin, mwenzake wa darasa la saba, alimletea mchezo kwenye flashi. Mchezo ukakataa kufunguka. Ulidai maktaba mpya ya mfumo, yaani lile fungu la mafaili ambalo programu zote hulitegemea.

"Si ipo humuhumu kwenye flashi?" Kelvin alisema. "Iweke tu, mbona unaogopa!"

Raya akaiweka juu ya ile ya zamani, akawasha kompyuta upya. Mchezo ukafunguka. Lakini pembeni mwa kioo saa ilisomeka tarehe mosi Januari 1970, saa tisa usiku, na nje jua linawaka! Wakacheka, wakacheza, wakaondoka.

Jumapili asubuhi Raya hakucheka. Tarehe ilikuwa ileile ya 1970. Trei zilikuwa zimelala kushoto kama alivyoziacha jana. Alisubiri hadi saa mbili na zaidi zikapita, hazikutikisika. Mama alikuwa mlango wa pili tu, anachambua mchicha. Badala ya kumwita, Raya akashika kalamu akaandika: "Joto sawa. Trei zimegeuka." Jamani, na mwandiko ulikuwa mzuri kweli!

"Ahsante mwanangu," mama alisema alipousoma.

Mchana akaja Bi Paskalia, mkulima wa milimani, aliyekuwa ameleta mayai sitini siku nane zilizopita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaketi kwenye kigoda, akamgeukia mama. "Mwanaidi, kideri kimemaliza banda. Jogoo alikufa Jumatano, tetea wa mwisho juzi. Kuku wale aliniachia marehemu mama yangu. Mbegu yake sasa ni hayo mayai tu."

"Pole sana, bibi. Mayai yako salama." Mama akafungua daftari. "Tazama, mwanangu ameandika leo hii."

Raya alijisikia vibaya mno, akatamani kukimbia. "Mama, si kweli," alisema. "Trei hazijageuka tangu jana mchana. Niliweka kitu kwenye kompyuta. Leo nimeandika uongo."

Mama hakupiga kelele. Alikimbilia chumbani akazigeuza trei kwa mkono, taratibu, huku Bi Paskalia amesimama mlangoni ameshika kifua. Kisha akampigia simu Fundi Halidi, naye akafika na bodaboda.

Fundi alichunguza, akashusha pumzi. "Programu ya kugeuza trei haina saa yake," alieleza. "Huuliza maktaba, na maktaba huuliza kiini cha mfumo, ndicho kinachoshika saa. Maktaba hii mpya inauliza kwa namna mpya. Kiini hiki ni cha zamani, swali hilo hakilijui, kikajibu: sijui. Maktaba iliyotengenezwa vizuri ingeuliza tena kwa namna ya zamani. Hii ikatoa sifuri, na kwa kompyuta hizi sifuri ni mwanzo wa mwaka 1970. Programu ikaona saa haisogei, ikangoja."

"Kumbe mashine nazo hudanganya?" aliuliza Bi Paskalia.

"Kiini hakikudanganya, bibi. Kusema sijui hakukuharibu kitu. Kilichoharibu ni jibu la uongo lililoonekana kama la kweli."

Raya aliinamisha kichwa. Fundi akairudisha maktaba ya zamani, saa ikawa sawa, na baada ya saa mbili trei zikageuka zenyewe.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga thelathini na wanane. Mayai ishirini na mawili hayakutoa kitu. Hakuna aliyejua ni mangapi yangeharibika hata hivyo, na mangapi yaliharibiwa na mstari mmoja wa daftari.

Bi Paskalia alipokea boksi lake, akamtazama Raya. "Umeniokolea mbegu ya mama yangu kwa kusema. Ila ulichelewa asubuhi nzima."

Alipoondoka, Raya alifungua daftari akataka kuchana ukurasa ule huku analia. Mama akamshika mkono.

"Usichane. Andika chini yake ilivyokuwa kweli. Mashine ikiharibika, fundi yupo. Jambo usilolijua, sema hulijui. Lililoharibika, sema limeharibika, hata kama umeliharibu wewe. Asubuhi ile mayai yalikuwa yanakufa, Raya, nami nachambua mchicha kwa raha zangu, kwa sababu nilikuamini."