Baridi ya Katikati

Viazi vilifuka mvuke pembeni, lakini katikati ya bakuli palikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Fundi cherehani alichovya kidole, akakitoa upesi. Mama yake, aliyekuwa hoi kitandani chumba cha pili, alibakiwa na chakula kimoja tu asichokitapika: viazi vilivyopondwa, tena vya moto. Vikipoa, alifumba midomo. Na nyama za mwili zilikuwa zimemwisha, imebaki mifupa na pumzi ya Mola.

“Wifi, usiisingizie mashine,” mke wa kaka yake alimcheka. “Maikrowevu si jiko. Tandaza viazi, acha nafasi katikati, nyunyiza maji, funika. Ikifika nusu, koroga. Vikitoka, viache vitulie, moto usambae.”

Akatandaza, akanyunyiza, akafunika, akakoroga, akangoja kwa subira aliyoiomba mbinguni kwa meno yaliyoumana. Katikati pakatoka na utando wa barafu.

“Huyu ananichezea!” akafoka, akaupiga mlango wa mashine kiganja.

“Nani tena, wifi?” Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Ndipo wakasikia. Chini ya mngurumo wa mashine kulikuwa na kinywa, kikimumunya taratibu kama cha kizee asiye na meno, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa jikoni mchana kweupe, ikavuka kizingiti, ikamfuata mama mpaka kitandani, naye akageukia ukutani akilia bila machozi, na mke wa kaka akachomoa waya, lakini sahani ya kioo mle ndani haikuacha kuzunguka.

Shekhe akaitwa.

“Mola aliwaumba majini kwa moto usio na moshi,” alisema kwa upole, akiitazama mashine. “Hapa jini ameukuta moto wa kwao. Lakini jini hali chakula cha watu bila kualikwa. Binti yangu, nani alimkaribisha?”

Fundi akainamisha kichwa. Hata “ah” tumekatazwa kuwaambia wazazi, naye, siku mama alipokataa kijiko huku nguo za wateja zikimngoja, alimfokea: “Kama wewe hutaki, basi na ale mwingine!” Sasa aliona aibu kuyasema hayo.

“Sijui, shekhe. Labda niliitukana mashine.”

“Mashine tu?”

“Mashine tu.”

Shekhe akasoma Ayatul Kursiy mpaka jasho likamlowesha ndevu. Kinywa kikanyamaza, sahani ikasimama.

“Ulimi ni mlango,” alisema akivaa viatu. “Ukifunguliwa kwa hasira, hufungwa kwa toba, na Mola hachoki kurehemu. Mimi nimefunga nilichoonyeshwa.”

Mke wa kaka akamsindikiza. Fundi akachomeka waya tena, na safari hii viazi vikatoka vya moto mpaka kiini. Fundi akambusu mama kwenye paji la uso, akamwekea bakuli mapajani, akaenda kumletea maji.

Aliporudi, katikati ya bakuli palikuwa pameliwa, shimo la duara, kingo zote hazijaguswa. Kijiko kilikuwa kisafi. Midomo ya mama ilikuwa mikavu.

“Mwanangu,” mama alinong’ona, “mgeni wako anasema hajashiba.”

Bilauri ikamponyoka. Fundi akatoka mbio bila viatu, akipaza sauti barabarani mbele ya macho ya watu: “Shekhe! Shekhe, rudi! Nimekudanganya!”