Hodi ya Nne

Mlango wenyewe haukuwa na ubao wala komeo. Ulikuwa mihimili miwili myeupe na kizingiti juu yake, basi. Mtu alipita katikati kwa mwendo wake wa kawaida, kapu la sokoni mkononi, na ndani ya sekunde tisa mawimbi-sikizi yalikuwa yamepenya mbavu zake, yamesikiliza kila vali ikijifunga na kila msuli ukisukuma damu, kisha yakalinganisha yote hayo na moyo wa mfano uliohifadhiwa ndani ya mashine. Hakuvua shati. Hakupakwa ute wa baridi kifuani wala kubandikwa nyaya. Sauti ya kike, tulivu, ilimwambia, "Pita, baba. Moyo mzima," au, "Subiri, mama. Kaa kiti cha kulia." Waliokaa kiti cha kulia walianza kutibiwa siku hiyohiyo, na wengi wao wako hai mpaka leo.

Mashine iliitwa Kizingiti. Dodoma ya mwaka 2091 ilikuwa imezoea maajabu, magari-anga yakitua juu ya mapaa na mikono-chuma ikipogoa mizabibu kule Mpunguzi bila binadamu hata mmoja shambani. Lakini kwa Kizingiti watu walipanga foleni tangu alfajiri. Wengine hata hawakuwa wakiumwa, jamani, walitaka tu kuitwa wazima.

Aliyeibuni ni Dk. Eufrasia Komba wa Kituo cha Pigo, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, mchache wa maneno. Mchana alikula ofisini kwake, amesimama, akisoma takwimu. Jioni alirudi kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu na kupiga hodi mlangoni.

"Karibu, Eufrasia," nyumba ilimwitikia. "Pole na kazi."

Sauti hiyo aliipanga mwenyewe. Kuingia kimyakimya ndani ya nyumba yako kama mwizi ni jambo baya, nyie, asikudanganye mtu.

Watu elfu tatu walijitolea kwa utafiti wake, na utafiti ulikuwa na kanuni zake. Mshiriki aliyejisikia vibaya aliruhusiwa kurudi kupimwa hadi mara tatu. Kizingiti kikimwambia "pita" mara zote tatu, aliandikwa mzima na suala lake likafungwa. Baada ya miaka miwili wote waliitwa kwa kipimo cha mwisho. Asiyefika aliandikwa "amekatiza" na jina lake likatolewa kwenye hesabu, kwa maana utafiti hauwezi kumhesabu mtu asiyekuwepo. Kwa hesabu hiyo Kizingiti kilikuwa sahihi kwa watu tisini na nane katika kila mia. Ijumaa moja ya mwezi wa sita ripoti ilikuwa iende Baraza la Tiba, na likiipitisha, Kizingiti kingesimikwa kwenye kila soko na kila stendi nchini.

Miongoni mwa hao elfu tatu alikuwemo Yoramu Chiwanga, mzee wa Mpunguzi, mpogoa zabibu wa zamani. Alikuja mara ya kwanza na kuambiwa apite. Akaja mara ya pili, akaambiwa apite. Mara ya tatu alipita, akaambiwa yaleyale, ndipo akaomba kumwona mwenye mashine.

"Daktari, sitaki kubishana na chombo chako," alisema, kofia mkononi. "Ila huu moyo unabisha kabla ya kuingia. Unagonga kidogo kwanza, ndipo upige. Nikipanda kilima naishiwa pumzi, nakaa chini kama mtoto."

"Mzee Yoramu, kipimo kimerudiwa mara tatu."

"Mara tatu, ndiyo. Nimehesabu."

"Basi ni umri, baba. Pumzika, punguza chumvi."

Mzee akatabasamu. "Haya. Kwetu mtu anapiga hodi tatu. Asipoitikiwa, anaondoka, hasukumi mlango wa watu." Akavaa kofia yake, akaaga vizuri, akaenda zake.

Getini alikaa Nesi Damari Masinga, mama wa miaka sitini na tisa. Zamani alikuwa nesi wa wodi ya moyo. Siku hizi kazi yake ilikuwa kuwaambia wageni choo kiko wapi. Shingoni alivaa stetoskopu ya mpira uliopasuka, na vijana wa maabara walimtania kwamba ni mkufu wa bibi harusi. Alimsimamisha yule mzee, akamsikiliza kifua palepale kwenye benchi, kisha akapanda ngazi mpaka ofisini kwa Eufrasia.

"Daktari, yule mzee ana sauti tatu. Mtu mzima wa afya ana mbili."

"Mama Damari, masikio yana umri wake," Eufrasia alijibu bila kuinua kichwa. Nesi alishuka ngazi na hakupandisha neno tena.

Hayo yalikuwa ya mwezi wa tatu. Jumatano ya wiki ya ripoti, mwezi wa sita, Eufrasia alikuwa akipitisha orodha ya mwisho ya waliokatiza, watu mia mbili na sita, Damari alipoingia na trei ya chai.

"Chiwanga hakuja kwenye kipimo cha mwisho," alisema nesi.

"Amekatiza."

"Amekatiza?" Damari aliweka trei chini kwa kishindo. "Yule mzee alikuwa anafika saa nzima kabla ya miadi! Na hao wengine, kuna aliyewauliza kwa nini hawakuja? Mtu haji kwa sababu amechoka na wewe, au haji kwa sababu hawezi kuja. Sisi wodini kitanda kikiwa kitupu tulikuwa tunauliza."

Ilimchoma. Eufrasia alipobaki peke yake aliita kumbukumbu ya Yoramu na kuiuliza mashine, "Kwenye moyo huu kuna sauti ya tatu?"

"Ipo," Kizingiti kilijibu.

Alikaa kitini polepole. "Mbona hukusema?"

"Ni ya kawaida. Imo kwenye moyo wa mfano."

"Waliokatiza ni wangapi wenye sauti hiyo?"

"Mia moja themanini na tisa kati ya mia mbili na sita."

Sasa, moyo wa mfano ulikuwa wa nani? Hapa lazima nirudi nyuma miaka kumi na moja. Mashine ilihitaji moyo mmoja mzima urekodiwe siku arobaini mfululizo, usiku na mchana, mwenye moyo akilala ndani ya chumba cha mawimbi bila kutoka. Timu nzima iliombwa. Huyu ana watoto, yule ana mke mjamzito, mwingine mama yake hawezi kulala bila kumsikia. Hakuna aliyeweza kukosekana nyumbani siku arobaini. Eufrasia hakuwa na wa kumkosa. Wiki mbili nyuma alikuwa ametoka Songea kumzika mama yake, aliyeanguka ghafla akichota maji, na ndugu walimtaka abaki mpaka arobaini. Yeye alirudi kazini, akalala ndani ya chumba cha mawimbi, na arobaini ya mama yake ikapita akiwa humo anahesabiwa mapigo. Ndugu hawakumsamehe. Simu zikapungua, mwisho zikakatika. Kabla ya kurekodiwa walimpima kwa mashine za siku zile, wakamwona mzima, kwa kuwa sauti ya tatu ilikuwa changa mno kwao. Chumba cha mawimbi kiliisikia, na kwa kuwa kiliambiwa huo ndio uzima, kikaiandika kuwa ni uzima.

Eufrasia alishuka ngazi, na nusu ya ngazi akasimama kutafuta pumzi. Tangu lini alikuwa akisimama nusu ya ngazi? Hakukumbuka. Hakukuwa na mtu nyumbani wa kumwambia, wewe, mbona unahema?

"Mama Damari, niazime."

Alijiwekea stetoskopu kifuani. Kitu kiligonga kidogo kwanza, ndipo moyo ukapiga. Kikagonga tena.

"Mganga hajigangi," Damari alisema kwa upole, akamvua stetoskopu masikioni na kumsikiliza mwenyewe, muda mrefu, macho yamefumba. "Tatu, mwanangu. Unahitaji tiba."

"Twende Mpunguzi kwanza," Eufrasia alisema.

Gari-anga liliwashusha pembeni ya mashamba, mikono-chuma ikikata matawi kwa sauti moja. Nyumba ya Chiwanga ilikuwa ndogo, safi, mlango umerudishwa. Eufrasia alipiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, kimya. Ya tatu aliipiga kwa sauti kubwa, kisha akasimama pale na mkono wake hewani, maana adabu ilikuwa imekwisha.

"Mnamtaka nani?" Mwanamke mzee alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Alikuwa Loi, dada wa Yoramu. Aliposikia jina la Kituo cha Pigo alishusha jembe. "Mmechelewa. Tulimzika mwezi wa tano."

Eufrasia alisema pole. Neno lilimtoka dogo, halikufika popote.

Loi aliwaingiza ndani. Ukutani, juu ya kitanda kilichotandikwa vizuri, kulikuwa na vikaratasi vitatu vya Kizingiti vilivyopangwa sambamba, kila kimoja kimeandikwa MOYO MZIMA. "Nilimwambia arudi," alisema Loi. "Akasema, hodi tatu zinatosha, Loi, hao watu wana kazi nyingi. Akawa anakaa pale mlangoni anatafuta pumzi, na akiulizwa anaonyesha makaratasi."

"Mama, mashine ilikosea," Eufrasia alisema. "Ilimlinganisha na moyo wangu. Na moyo wangu una ugonjwa uleule. Mzee aliniambia kwa mdomo wake, nikamjibu apunguze chumvi."

Nje mikono-chuma iliendelea kukata.

"Kwa hiyo kaka yangu kapimwa kwa mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na wewe hapo ulipo unaumwa. Nani kwenu anajua?"

Eufrasia alifungua kinywa na kukosa jina la kutaja. Hapo ndipo alipolia, mwanamke mtu mzima, mbele ya mfiwa aliyepaswa kulia yeye. Loi hakumbembeleza. Alisogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa. Sijasema nimekusamehe, usinielewe vibaya. Lakini mtu hatoki kwenye nyumba ya msiba bila kula." Akawawekea ugali wa uwele na mlenda, wakala watatu. Eufrasia hakukumbuka mara ya mwisho alipokula amekaa.

Alhamisi asubuhi aliliandikia Baraza la Tiba barua ya kurasa mbili. Hakulaumu mashine. Aliandika kwamba wasioonekana walihesabiwa kuwa hawapo, kwamba moyo wa mfano ulikuwa wa kwake, na kwamba Kizingiti kizimwe. Wakuu wa kituo walimpigia kelele, wakamkumbusha miaka kumi na moja. Akawaambia anaikumbuka yote. Kisha akakizima kwa mkono wake, na taa za mihimili miwili zikafifia mbele ya foleni ya watu waliobaki wakitazamana.

Damari alimpangia miadi ya tiba Jumatatu. "Na usipokwenda nitakuburuta," alisema. Kabla ya hapo walikuwa na karatasi ya majina mia moja themanini na tisa, stetoskopu moja, na miguu yao. Jina la Yoramu lilikuwa limepigwa mstari. Lililofuata lilikuwa la Zainabu Mkwizu, mshonaji wa Chang'ombe, alama tatu za "pita" mbele yake.

Walifika kwake Ijumaa, saa nne asubuhi. Cherehani ilikuwa barazani imefunikwa, na vumbi limetanda juu ya kifuniko.

"Hodi," Eufrasia aliita. "Hodi, wenyewe." Akasubiri. "Hodi jamani."

Jirani mmoja alichungulia dirishani na kurudi ndani. Damari alimshika mkono. "Tatu hizo, mwanangu. Twende, tutarudi kesho."

"Hapana, mama."

Alisogea mpaka uso wake ukagusa mlango, akaubisha kwa kiganja. Moyo wake nao ulikuwa ukibisha, na sasa aliusikia hata bila kifaa. "Hodi!" aliita mara ya nne, kwa sauti ya mtu asiye na adabu. "Hodi, dada Zainabu! Siendi!"

Ndani, kitu kilianguka. Ndala zikaburuzika sakafuni, zikasimama kupumzika, zikaburuzika tena.

"Karibu," ilisema sauti dhaifu ya mwanamke. "Karibu, mlango hauna komeo. Nilidhani mmeshaondoka."

Eufrasia alijifuta macho kwa ukingo wa koti, akapokea stetoskopu kwa Damari, akaingia.