Mboga Hainywi Kama Mbuzi

Asubuhi pale bombani huwa ni kelele tupu. Mitungi ya manjano imepangwa foleni tangu alfajiri. Akina mama wanasalimiana, "Ejok? Ejok nooi." Mbuzi nao wanalamba matope chini ya koki. Akuwam alifika mapema, kama kawaida yake. Siku hiyo alihitaji mitungi mingi, maana ilikuwa siku ya kunywesha bustani.

Kunywesha, ndivyo alivyosema. Akuwam alizaliwa kwenye mifugo. Tangu utotoni alijua kwamba kiangazini mbuzi hupelekwa majini siku moja, anakunywa mpaka tumbo linajaa, kisha anarudi malishoni siku mbili bila maji. Ukame ulipoua mbuzi wake karibu wote, mumewe aliwaswaga ngamia wachache waliobaki, akahamia mbali. Akuwam akabaki na watoto, Ereng na wadogo zake, nje kidogo ya mji wa Kakuma, akalima kiwanja nyuma ya nyumba. Alipanda sukuma wiki, mchicha na kunde, akavinywesha kwa njia aliyoijua: leo mafuriko, kesho na keshokutwa ukavu.

Bustani ile haikuwa mchezo. Wakati wa ukame alisimama foleni ya chakula cha msaada, mtoto mgonjwa mgongoni. Magunia yalikwisha kabla zamu yake haijafika, akarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani aliapa kwamba matumbo ya wanawe hayatangoja lori tena. Hasira ile ndiyo iliyomshikisha jembe.

Sasa, kabla hajajaza mtungi wa pili, mzee Lomunokol alipanda juu ya jiwe na kuinua fimbo. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Akina mama, sikieni! Kisima inakauka. Kuanzia leo kila nyumba ni mitungi tano kwa siku. Ya kunywa, ya kupika, ya mbuzi. Bustani hapana! Bustani inapoteza maji."

Wengi waligeuka kumtazama Akuwam.

"Mzee," alisema Akuwam, "hiyo mitungi tano ikifika kwangu, ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi usiniulize nimepeleka wapi."

Mzee akacheka kwa dharau. "Mitungi tano, bustani na watoto? Haiwezekani. Tukiona mboga yako iko kijani, tutajua umeiba. Na tukikushika, tunakufungia bomba kabisa. Hata ya kunywa hupati."

"Tutaonana," Akuwam akajibu. Alibeba mtungi wake, akaondoka shingo imesimama. Moyoni alikuwa na hofu, lakini hofu hiyo hakumwonyesha mtu.

Kulikuwa na mama mmoja, Godelieve, mkimbizi kutoka Kongo, anayeuza mchicha sokoni kambini. Akuwam alikuwa amepeleka makaa kwake mara nyingi. Aliona uani kwake ndoo iliyoinuliwa juu ya mbao, na mipira myembamba myeusi imelala chini kando ya mboga. Aliambiwa kwamba mipira hiyo hutoa maji tone kwa tone, na kwamba inauzwa mjini Lodwar. Hakuuliza zaidi. Kuuliza kungemchukua asubuhi moja tu, lakini kiburi nacho kina gharama yake.

Aliuza beberu wake wa mwisho, akasafiri hadi Lodwar. Katika duka la pembejeo za kilimo alinunua ndoo moja, mipira miwili mirefu na kichujio kidogo. Akarudi, akaweka ndoo juu ya mawe, akaunganisha mipira kama alivyoona kwa Godelieve. Alimimina maji, akachuchumaa kutazama.

Tone. Akangoja. Tone jingine.

Akuwam alikasirika. Hivi ndivyo mtu anavyomnywesha kiumbe mwenye kiu? Kwao hata mgeni asiyemjua hupewa kibuyu kizima. Alipasha moto sindano ya kushonea mikeka, akaanza kupanua matundu ya mpira wa kwanza, moja baada ya jingine. Maji yakaruka vizuri. "Sasa kunyweni, mshibe," akaiambia mboga.

Baada ya siku chache mambo yalikuwa mabaya. Kwenye mpira ule, mboga zilizo karibu na ndoo zilisimama kwenye dimbwi, majani yakawa ya manjano. Zilizo mwisho wa mpira zilikauka zikawa kama tumbaku. Ndoo iliisha kabla Akuwam hajamaliza kufagia. Na mitungi mitano ilikuwa mitano tu. Jioni moja aliwapa watoto uji mwembamba, akatazama ile mipira kwa uchungu. Beberu wake ameenda bure. Siku iliyofuata alijifunga shuka, akavuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, kwenda kwa Godelieve.

Godelieve alikuja, akaona, akapiga makofi. "Ee Mungu wangu! Mama Ereng, ni nani alitoboa huu mpira?"

"Ni mimi. Ilikuwa inatoa maji kama machozi ya mtoto anadanganya."

Godelieve alicheka mpaka akakaa chini. Akuwam alitaka kununa, ikamshinda, akacheka naye.

"Sikia, dada," Godelieve alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako maji ni mayi. "Mboga haiko mbuzi. Mbuzi anabeba mayi ndani ya tumbo, anatembea nayo. Mboga iko na tumbo gani? Iko na mizizi tu. Ukimwaga mingi, mayi inapita chini sana, mizizi haifikie. Ingine jua inakunywa. Kisha unamwacha siku mbili, anakufa kiu. Mboga anataka kidogo, lakini anataka kila siku."

"Na zile za mwisho, kwa nini zimekauka?"

"Tundu kubwa kule mwanzo inakula mayi yote. Inabakia nini kwa wale wa nyuma? Matundu yote iko saizi moja ili wote wagawane sawa. Usitoboe tena."

Mpira uliotobolewa haukufaa tena. Godelieve alikuwa na kipande kizuri kilichobaki kwake, akamletea. Akuwam hakukubali kukichukua bure; akapeleka debe la makaa. Kisha wakafanya kazi pamoja.

Waliinua ndoo mpaka usawa wa kiuno, kwa sababu maji hushuka kwa nguvu ya kimo chake. Walisawazisha ardhi ili mipira ilale bila kupanda wala kushuka. Kila mche ukapata tundu lake. Juu ya ndoo wakafunga kitambaa safi, maana maji ya kisima yana mchanga na matundu yale ni madogo kama jicho la sindano.

"Na hii weupe kwa mpira?" Akuwam aliuliza, akionyesha kwa kidole.

"Chumvi. Mayi ya huku iko na chumvi. Kila wiki fungua mwisho wa mpira, acha mayi ikimbie, itoe uchafu. Kisha ukunje, ufunge tena."

Mwisho walifunika udongo kwa nyasi kavu na makuti ya mkoma, ili jua lisiibe unyevu. Akuwam mwenyewe akazungushia bustani miiba ya kutosha. Kuhusu mbuzi na jinsi wanavyotafuna kila kitu, hakuhitaji mwalimu.

Kuanzia hapo alijaza ndoo mara mbili: asubuhi kabla jua halijawaka, na jioni likishapoa. Mitungi miwili kwa bustani, mitatu kwa nyumba. Siku za kwanza mkono ulimwasha, alitaka kuongeza. Akajizuia. Majani mapya yakatoka, kisha yakapanuka, kisha watoto wakaanza kula.

Kiangazi kilipokaza, kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi isipokuwa kiwanja cha Akuwam. Habari ikamfikia Lomunokol. Alikuja na wazee wawili wa kamati, uso umekunjwa.

"Nilikwambia! Wewe umeiba maji."

Akuwam alimkabili. "Kila siku wewe unasimama bombani unahesabu. Nimewahi kuchukua ya sita?"

Wazee walitazamana. Hakuwahi, na walijua.

"Sasa maji ingine inatoka wapi?" Lomunokol aliuliza.

"Hakuna ingine. Weka mkono hapa, mzee."

Lomunokol aliinama, akaingiza vidole chini ya nyasi, karibu na shina la sukuma wiki. Udongo ulikuwa na unyevu na baridi. Akagusa katikati ya mistari: vumbi. Akarudia tena, hapa na pale, kama mtu anayetafuta hila. Hakuiona. Aliona tone tu, likining'inia, likianguka, na jingine likifuata.

"Ile siku ulisema bustani inapoteza maji," Akuwam alisema. "Ni sisi tulikuwa tunamwaga. Hata mimi nilimwaga. Lakini ulinitisha kufungia watoto wangu maji mbele ya watu wote. Nataka unisafishe mbele ya watu wote."

"Unaniamrisha?"

"Ndiyo."

Mzee alipangusa udongo vidoleni, akaondoka na wenzake. Kesho yake alipanda juu ya jiwe bombani, akatangaza kwamba mwenye kumwagilia kwa matone aachwe alime, na kwamba Akuwam hajaiba hata kikombe. Sauti yake haikuwa na raha, lakini ilisikika. Akina mama wakapiga vigelegele. Watatu walimwendea Akuwam papo hapo kumuuliza njia ya duka la Lodwar, naye akawaambia waje kwanza waone kazi kabla ya kununua, wasije wakashika sindano.

Mzee akainua tena fimbo, kana kwamba anatafuta pa kuweka aibu yake. "Habari ingine. Lori ya msaada inakuja wiki kesho. Mama Ereng, wewe safari hii nitakuweka mbele kabisa kwa foleni."

Akuwam aliuinua mtungi wake wa tano kichwani, akaugeukia umati.

"Nafasi yangu mpe mwenye njaa," alisema. "Kwangu watu wamekula."