Mwavuli wa Bibi na Mfuko wa Kaka

Nyumbani wananiita Bi Orodha. Sikujipa jina hilo, lakini nalistahili. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule naandika vitu vya kununua sokoni, nabandika karatasi mlangoni, na jioni naweka alama ya vema kwa kila kilicholetwa. Baba yangu ni dobi, na hakuna shati la mteja linalotoka bila mimi kuliandika. Kwa hiyo kaka alipopata kazi kwenye boti ya uvuvi, msimu wake wa kwanza, hakuna aliyeuliza nani atapakia mfuko wake.

Kaka alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka miwili. Nahodha alimpa karatasi yenye vitu saba: viatu vya mpira, glavu, koti la mvua, soksi nzito, sweta, tochi na dawa ya kichefuchefu. Chini kabisa aliandika kwa herufi kubwa: MFUKO LAINI MMOJA TU. ASIYETIMIZA HAENDI.

"Bi Orodha, nakuachia wewe," kaka aliniambia Jumamosi asubuhi, akienda kupimwa afya. "Tunaondoka kesho. Usiniangushe."

"Mimi? Nimewahi kukuangusha lini?"

Nilimaliza kupakia kwa nusu saa, na mfuko ukafungika vizuri. Ndipo jamaa walipoanza kumiminika.

Bibi alitangulia na mwavuli wake mweusi wenye mpini wa mbao. "Huko baharini hakuna kibaraza cha kujikinga mvua," alisema. Baba akaleta pasi. "Mtoto wa dobi havai mikunjo mbele za watu." Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, akaja na suti ya bluu na tai yake. "Siku wakipiga picha, asionekane kama wamemwokota." Halafu bibi akarudi tena, safari hii amekumbatia mto.

Nilijua wazi kwamba hakuna hata kimoja kinachofaa. Lakini shangazi alikuwa ameishona suti ile wiki nzima, na bibi akikasirika nyumba yote inakosa raha. Nikaona heri ninyamaze. Nikasema asante mara nne, na kila asante ikaingia mfukoni.

Zipu ikagoma. Niliukalia mfuko, nikaurukia, nikaubembeleza. Wapi! Basi nikaanza kupunguza. Koti la mvua nikalitoa, kwani mwavuli si upo? Viatu vya mpira vilikuwa vikubwa mno, nikavitoa. Glavu zikafuata viatu, na soksi zikafuata glavu. Vyote nikavisukuma chini ya kitanda cha bibi. Kisha nikachukua karatasi ya nahodha nikaweka alama saba za vema, zimenyooka vizuri.

Jioni kaka akauliza, "Kila kitu kimo?"

"Kimo," nikajibu, na sauti ikatoka nyembamba kama uzi wa shangazi.

Asubuhi nilimsindikiza hadi gatini. Wafanyakazi walikuwa wakipakia makasha ya barafu. Pembeni, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa kijana wa akiba na mfuko wake mdogo mapajani. Alikuwa akingoja mtu ashindwe ili achukue nafasi. Alitutazama kwa tabasamu ambalo sikulipenda hata kidogo.

Nahodha alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akachukua taulo, akamfunga kaka macho.

"Ndivyo tunavyowapokea wageni hapa," alisema. "Taa za boti zikizimika, wimbi halikungoji utafute vitu vyako. Haya, nipe glavu!"

Kaka akaingiza mkono mfukoni, akatoa pasi.

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Nahodha hakucheka. "Koti la mvua!"

Kaka akavuta mwavuli. Ukajifungua wenyewe, fwaa! Ukampiga mpishi wa boti puani, na ubavu wake mmoja ukavunjika. Wa mwavuli, si wa mpishi.

"Soksi!" Ikatoka tai. "Viatu!" Ukatoka mto.

"Mwanangu," nahodha akauliza, "unakwenda kuvua samaki au unakwenda kuoa?"

Kaka akavua taulo. Alitazama vitu vile, akanitazama mimi, na akaelewa. Kijana wa akiba alishasimama, anajipangusa suruali.

"Nani kapakia mfuko huu?" nahodha akauliza.

"Mimi mwenyewe," kaka akasema.

Hapo moyo uliniuma kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia palepale gatini, lakini aliyekuwa anaanguka ni kaka.

"Si yeye, Nahodha," nikasema huku nalia. "Ni mimi. Nilitoa vitu vya orodha yako nikaweka vya jamaa. Niliogopa kuwakatalia. Halafu nikaandika kwamba vyote vimo."

Nahodha akageukia makasha ya barafu. "Yamebaki ishirini. La mwisho likiingia, naondoka. Kimbia."

Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Nilimkuta bibi kitandani kwake, nikajitupa sakafuni mbele ya miguu yake, nikaanza kuvuta viatu huku namweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia mwavuli haufai?" akauliza.

"Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika," bibi akasema. "Kisha ningekula. Kisha ningelala. Sasa unafikiri ningekufa?"

Baba alinipakia kwenye baiskeli yake ya kubebea nguo, mimi na vile vitu vyote ndani ya kapu, na tukafika likiwa limebaki kasha moja. Safari hii kaka alipakia mwenyewe, kitu kimoja kimoja. Akafungwa macho tena. Glavu! Glavu. Koti! Koti. Mpishi, akiwa amejishika pua, ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Kijana wa akiba akarudi kwenye kreti lake.

Nahodha akanipa ile karatasi na kalamu. "Futa alama zako zote. Uweke upya, na usiweke kabla macho yako hayajaona."

Nikaweka saba, moja moja. Niliandika juu ya goti huku nikichungulia mfukoni, na alama zikatoka zimepinda.

"Hizi zimepinda, lakini ni za kweli," nahodha akasema. "Sikia, binti. Ukiandika glavu zimo na hazimo, kamba haikukati wewe. Inamkata yeye. Kuwafurahisha watu kwa uongo ni kumtwika mwingine mzigo." Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mfuko wako pakia mwenyewe, maana baharini utakuwa nao peke yako."

Boti ikaondoka. Kaka alitupungia mkono akiwa na glavu zote mbili, na baba akajifanya kaingiwa na vumbi jichoni.

Nyumbani bibi alikuwa akinisubiri mlangoni. "Mwavuli wangu uko wapi?"

Ningeweza kusema umepotea. Ningeweza kusema nahodha ameukopa.

"Umevunjika, bibi. Umempiga mpishi wa boti puani."

Bibi alikasirika. Kisha akala. Kisha akalala.