Milima Ndani ya Birika

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka mabega ya Uluguru, Semeni alichemsha maji ya chai. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa Bwana Luqmani na Bi Zuleha wa Mafiga, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu ilimpa nafasi ya kuota. Alijaza birika la umeme kwenye bomba la uani, akaliwasha, kisha akaegemea dirisha la jikoni kutazama ukungu ukitambaa mlimani. Mvuke ulipoanza kupanda, hakujua tena upi ni mvuke na upi ni ukungu.

Maji ya mtaa wao yalivutwa kutoka kisima kirefu, nayo yalikuwa magumu. Sabuni ilikataa kutoa povu, na ndani ya birika chokaa nyeupe ilijijenga tabaka juu ya tabaka.

"Kila Ijumaa liloweke kwa maji ya ndimu, kisha ulisugue," mama alimwagiza.

Mwanzoni Semeni alifanya hivyo. Lakini siku moja alichungulia ndani, akaona chokaa imeota vilele na mabonde, kama nchi ya mbali isiyokaliwa na mtu. Akakipa kila kilima jina. Tangu hapo hakuwa na moyo wa kuibomoa. Mama alipomuuliza, alijibu, "Nimeshalisafisha, mama."

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume, Ahmadi, na maji ya moto yakahitajika kutwa. Binamu yake Semeni, Mwanvita, ambaye alikuwa ametoka Mgeta kuja kusoma sekondari mjini, akawa anasaidia. Asubuhi moja Mwanvita aliliwasha birika. Likanguruma kidogo, likatoa harufu ya kuungua, likajizima. Maji yalikuwa bado baridi.

"Umeliwasha bila maji?" Bwana Luqmani aliuliza.

"Hapana, mjomba. Nililijaza."

"Mbona linanuka hivi? Huko kwenu hamjazoea vitu vya umeme. Usiliguse tena."

Mwanvita aliinamisha kichwa. Akatoka uani, akawasha jiko la mkaa ili Ahmadi apate maji ya kuoga. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Semeni alisikia yote. Aliinamia bakuli lake la uji, akaendelea kukoroga.

Jioni alimkuta Mwanvita akikunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Nyumbani. Kesho kuna lori la mboga linapandisha Mgeta."

"Kwa ajili ya birika tu?"

"Mjomba hakunitukana," Mwanvita alisema polepole. "Ila alinitazama kama mtu anayeficha jambo. Sijazoea kutazamwa hivyo."

Semeni alikwenda dirishani ili aote kidogo. Ukungu ulikuwapo, mlima ulikuwapo, lakini ndoto haikuja. Akageuka, akaingia chumbani kwa wazazi wake. Baba alikuwa amempakata Ahmadi.

"Baba, Mwanvita hakukosea. Birika sikulisafisha. Nilidanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla Ahmadi hajazaliwa."

"Kwa nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Lilikuwa zuri ndani," Semeni alinong'ona, na machozi yakamtoka.

Mama aliinuka, akalichukua birika na kulichungulia. "Chokaa imelala chini kama blanketi," alisema. "Joto haliyafikii maji. Linaunguza birika lenyewe, nalo linajizima."

Walikamua ndimu, wakaimimina birikani pamoja na maji ya moto kutoka kwenye jiko la mkaa. Chokaa ikatoa mapovu madogo. Mara ya kwanza haikutoka yote, wakaliloweka birika upya. Vipande vyeupe vikabanduka kama maganda ya yai, na Semeni akatazama vilele vyake vikiyeyuka kimoja kimoja. Ilimuuma kidogo kuviaga. Kisha wakalisuuza, wakalijaza na kuliwasha. Safari hii maji yalichemka mpaka kifuniko kikatikisika.

Bwana Luqmani alimwita Mwanvita. "Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla sijachungulia ndani. Lori la kesho liende bila wewe."

"Yameisha, mjomba," Mwanvita alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Mama akamgeukia Semeni. "Kuota si kosa. Lakini kila kazi uliyopewa kuna mtu anayeitegemea. Ukiiacha na kuificha kwa uongo, mzigo utamwangukia mwenzako asiye na hatia. Maji haya hatuwezi kuyabadili. Kulisafisha birika kabla halijaungua, hilo tunaliweza. Na kweli isemwe mapema."

"Nimesikia, mama."

Semeni akaenda chumbani kwa Mwanvita. Akazitoa nguo moja moja, akazipanga rafuni, kisha akautundika mfuko mtupu msumarini.